Oveni ya gesi inawaka nikishikilia swichi, nikiachia inazima. Nipo Nyakato Mwanza, msaada wakuu

keki_nyakato
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kabla sijalia. Nina jiko la kusimama, pleti nne juu na oveni ya gesi chini, nililinunua mkononi kwa mtu mwaka jana, mtungi natumia wa kilo 15. Naoka keki za oda hapa nyumbani, nne tano kwa wiki, si nyingi ila ndo zinalipa ada ya mtoto. Sasa tangu juzi oveni imeanza vituko. Nabonyeza swichi nazungusha, nawasha na kiberiti kupitia kile kitundu cha kwenye bati la chini, moto unashika vizuri wa bluu kabisa, nikiachia tu swichi paa unazima. Nikishikilia unawaka hata dakika tano. Pleti za juu hazina shida yoyote. Jana kaja fundi mmoja, hajafungua hata skrubu moja, kaangalia kwa mbali kasema valvu imekufa niandae 85,000 ya kifaa na 20,000 ya ufundi. Jumamosi nina keki ya kipaimara ya kilo tatu. Nimemwomba wifi yangu akae ameshikilia swichi saa nzima akanicheka mpaka akakaa chini.

sangara_kirumba
Dada chukua mpira wa ndani wa baiskeli, funga hiyo swichi ikae imebonyea, oka keki yako. Mie geto nilifanya hivo miezi mitatu.

fundi_buzuruga
Wewe wa Kirumba hebu futa hiyo komenti yako kabla mtu hajaungua. Dada usimsikilize kabisa. Hiyo kuzima ukiachia ndo ulinzi wenyewe unafanya kazi. Ukifunga swichi na mpira, siku upepo umezima moto na wewe uko sebuleni, gesi inaendelea kumwagika, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipai juu itoke dirishani, inatambaa chini inajaa kwenye oveni na chini ya kabati kama maji. Anayekuja kuwasha kiberiti ndo anajua.

Sasa turudi kwako. Ndani ya oveni pembeni ya kichomeo kuna kijiti kidogo cha chuma kimesimama, ncha yake inatakiwa iogelee ndani ya moto. Hiyo inaitwa themokapo. Ikipata joto inazalisha umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi, hata betri ya saa ya ukutani inaizidi mara 50, lakini huo unatosha kushikilia sumaku iliyoko kwenye valvu. Unapobonyeza swichi wewe ndo unaisukuma valvu ifunguke kwa mkono, ukiachia sumaku inatakiwa ishike. Umeme usipofika, sumaku inaachia, valvu inafunga. Kwahiyo kusema valvu imekufa bila kuangalia themokapo ni sawa na kusema gari limekufa injini kumbe betri limelegea teminali.

Mi nimefungua majiko mengi ya hapa Mwanza, hii dalili mara nyingi ni moja ya haya: ncha ya themokapo ina uchafu, au kijiti kimeinama kimetoka kwenye moto, au nati ya nyuma inapoingia kwenye valvu imelegea. Kununua kifaa ni baadaye huko. Niambie kitu kimoja, kabla haijaanza kuzima mlifanya nini kwenye hiyo oveni? Umeiosha? Umelihamisha jiko?

keki_nyakato
Kaka umenigusa penyewe. Jumapili wageni walikuja, wifi akachoma sato wawili wakubwa humo ndani, kawalaza juu ya waya moja kwa moja bila trei, mafuta yakachuruzika yote chini, moshi nyumba nzima. Jioni akatoa lile bati la chini akasugua na stilwaya na sabuni ya unga. Mi nikamshukuru kumbe 😭

fundi_buzuruga
Haya kesi imeisha nusu. Fanya hivi kesho mchana kukiwa na mwanga. Funga mtungi kwanza, sio swichi ya jiko, mtungi wenyewe. Oveni iwe ya baridi. Toa bati la chini, kawaida lina skrubu mbili au linainuliwa tu kwa mbele. Utaona kichomeo, bomba la matundu matundu. Tafuta kijiti. Kama kina ukoko mweusi wa mafuta kisugue taratibu na stilwaya au msasa laini mpaka chuma kionekane, futa na kitambaa kikavu. Usitumie kisu, usikigonge. Alafu angalia kimekaaje, ile ncha karibu sentimita moja ya juu inatakiwa ikae pale matundu yanapotoa moto. Kama wifi kakisukuma na mkono kirudishe pole pole kwenye kishikizo chake, waya wake ni kibomba chembamba cha shaba chenye waya mwingine ndani, kinavunjika kirahisi. Ukimaliza washa, shikilia swichi sekunde 15, achia.

Na usipowaka mara ya kwanza usirudie rudie hapo hapo. Zima, acha mlango wa oveni wazi dakika moja au mbili gesi itoke ndo ujaribu tena. Nimeona mama mmoja Mabatini kaungua nyusi zote mbili na kope kwa kuwasha mara ya tatu mfululizo mlango ukiwa umeegeshwa.

mwanza_yetu2
Nyusi zinaota dada ila zinachelewa, sema tu nimejibu kwa uzoefu 😂

kijana_wa_mecco
Samahani fundi, mi nimeangalia YouTube wanasema oveni isipowaka unabadilisha kile kijiti kinachowaka chekundu kama hita, wanakiita ignita, na kwenye video wanapima ampea 3 na kitu. Hicho si ndo tatizo lake?

fundi_buzuruga
Hizo video ni za Marekani mdogo wangu, majiko yao mengi ya umeme wa volti 120, kile kijiti kinapata moto chekundu na umeme unaopita humo ndo unafungua valvu, kikichoka kinang'aa lakini ampea hazitoshi, valvu haifunguki au inachelewa. Tatizo la kweli kabisa ila la kwao. Majiko yanayokuja kwetu mengi ya swichi ya kubonyeza na themokapo, yale mengine yanawashwa na cheche. Mteja wangu mmoja aliagiza kile kijiti kutoka nje kakaa mwezi anasubiri, kimefika hakuna hata pa kukifunga. Kabla hujafuata video angalia kwanza jiko la kwenye video linafanana na lako.

dada_sengerema
Naomba niingilie uzi wa mwenzangu samahani. Langu lina kitufe cha cheche, nikibonyeza tiki tiki tiki nasikia lakini oveni haiwaki, pleti za juu zinawaka na cheche hizo hizo. Na wakati wa mvua zinatika zenyewe usiku hata sijagusa, mume wangu alidhani mjusi.

fundi_buzuruga
Sengerema zako ni mbili tofauti. Ya kutika yenyewe ni unyevu umeingia kwenye swichi ndogo zilizo nyuma ya vitufe, au ukiosha unamwagia maji upande huo. Chomoa umeme, vua vitufe, acha pakauke siku nzima, ikirudi swichi imeota kutu. Hiyo ya oveni subiri usiku, funga mtungi, zima taa, fungua mlango, toa bati la chini, mwambie mtu abonyeze wewe uangalie kwa mbali. Cheche inatakiwa iruke kutoka ncha ya ile sindano yenye kaure nyeupe kwenda kwenye kichomeo, nafasi kati yake milimita 3 hadi 5 tu. Ukiona cheche inarukia katikati ya kaure au kule nyuma kwenye waya, kaure imepasuka, hapo ni kubadilisha. Ukiona hakuna cheche kabisa waya umechomoka. Kwa sasa washa na kiberiti kirefu, hakuna ubaya.

keki_nyakato
JAMANI IMEKUBALI!!! Kijiti kilikuwa kimeinama kabisa kimelalia upande wa ukuta, na ncha nyeusi kama lami. Nimesugua nimerudisha, nikahesabu 15, nikaachia, moto umebaki. Nikazima nikawasha tena mara tatu kuhakikisha. Yule fundi kanipigia leo anauliza hela nimepata, nimemwambia nimeghairi kuoka maishani. Wabeja sana kaka wa Buzuruga, Mungu akuzidishie.

keki_nyakato
Wakuu nimerudi na aibu yangu. Oveni haizimi tena ila joto sasa ndo halieleweki. Nimeoka keki ya kujaribu, ile ya mayai manne ya kawaida, naweka namba 4 kama siku zote dakika 40 iko tayari. Leo imekaa ndani saa moja na nusu nzima, juu bado nyeupe inatikisika kama uji, chini imeshika mkaa. Na nikichungulia moto una njano njano kwenye ncha upande mmoja, na upande wa kulia matundu manne hayawaki kabisa. Zamani ulikuwa wote bluu. Bati limeanza kushika masizi.

sangara_kirumba
Hapo gesi ndogo. Weka regyuleta ya presha kubwa ile ya mama ntilie, utaona inavyonguruma.

mzee_igoma
Kijana wa Kirumba, wewe unafanya kazi bima au makaburini? Kila ushauri wako unaishia msibani. Regyuleta ya jiko la nyumbani imetengenezwa kutoa presha ndogo, milibari 28 mpaka 30 hivi, na valvu na mpira na nozo (vile vitundu vidogo vinavyopuliza gesi kwenye kichomeo) zote zimepimwa kwa hiyo. Ukiweka ile ya presha kubwa moto unaruka kutoka kwenye kichomeo na mpira unaweza kuchomoka. Na moto wa njano maana yake hewa ni chache kuliko gesi, sasa ukiongeza gesi ndo unazidisha ugonjwa. Mwanangu keki_nyakato, taa ya jikoni kwako usiku unaiacha ikiwaka na dirisha wazi?

keki_nyakato
Shikamoo mzee. Ndiyo, taa naiacha kwa sababu ya mtoto akiamka. Inahusiana vipi na oveni?

mzee_igoma
Marahaba. Wewe si mtu wa Mwanza? Wiki iliyopita hukuona vile vidudu vya ziwani vimekuja kama moshi? Mimi nimeishi Igombe miaka mingi kabla ya kuhamia Igoma, vikitoka ziwani, hasa mwezi ukiwa mchanga, vinafuata taa, asubuhi unafagia beseni zima. Vinakufa popote vilipoangukia. Sasa kichomeo cha oveni kina koo lake kule nyuma au mbele chini, pale nozo inapopulizia gesi ndo inavuta hewa ya kuchanganyika. Wazi kabisa pale, ndo pa kuingilia hewa, na vidudu navyo vinaingilia hapo hapo. Na buibui akishajua kuna chakula anajenga. Ukikaa utando mmoja tu kwenye koo la kichomeo hewa inapungua, moto unakuwa wa njano mvivu, unatoa masizi na joto hakuna. Na mafuta ya yule sato yamesaidia kugandisha.

mwanza_yetu2
Malawi kule wanavikusanya wanavitengeneza kama mkate wanaita kungu, sisi vinatuzibia majiko 😂

fundi_buzuruga
Mzee kasema kitu ambacho mi nilisahau na ni kweli kabisa, mwezi ule vikija naitwa nyumba tatu nne Kirumba na Pasiansi huko za karibu na maji. Dada toa kichomeo chote nje, skrubu moja au mbili, kinavutwa kinatoka kwenye nozo. Kigonge gonge juu ya gazeti uone kitakachodondoka. Ingiza brashi ya kuoshea chupa ya mtoto kwenye koo, pitisha mpaka mwisho, matundu yazibue na waya mwembamba, alafu kama utakiosha na maji ya moto na sabuni lazima kikauke KABISA, weka juani nusu siku, maji yakibaki ndani moto utakuwa unakohoa. Nozo yenyewe usiitoboe na sindano. Tundu lake halifiki hata milimita moja na limepimwa, ukilipanua kidogo umebadilisha jiko zima. Pulizia tu au tumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Ukirudisha hakikisha koo limekaa sawa mbele ya nozo, likikaa upande gesi inapiga ukuta badala ya kuingia katikati. Kisha fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote uliyogusa, povu likivimba kuna pahala panavuja. Kiberiti usikitumie kutafuta kinapovuja, najua watu wanafanya.

Swali lingine, lile bati la chini ulipolirudisha limekaa vile vile? Kuna nafasi pembeni?

keki_nyakato
Sasa hapo kwenye bati… wifi alilifunika na foili ili lisichafuke tena. Lote. Mpaka pembeni.

fundi_buzuruga
😂😂😂 Huyo wifi nampenda, anatulisha mafundi. Toa foili. Hewa ya moto inapanda kupitia nafasi za pembeni ya bati, inazunguka juu inatokea nyuma. Ukiziba pembeni joto lote linabaki chini linaichoma keki makalio, juu hakuna kitu, na moto wenyewe unakosa hewa. Ndo mana chini mkaa juu uji. Trei nayo isijaze oveni ukuta kwa ukuta, acha vidole viwili vitatu kila upande, na uiweke waya wa katikati.

dada_igoma_maandazi
Mi nachangia kama muokaji sio fundi. Namba za swichi za oveni msiziamini sana hasa jiko la mkononi. Kwa majiko yenye namba za kawaida, 4 ni kama digrii 180, 6 ni 200. Ila la kwangu 4 yake ilikuwa inacheza huko 150. Kama huna kipimajoto cha oveni tumia sukari. Sukari nyeupe inayeyuka kama digrii 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha foili, washa oveni unapodhani ni 175, subiri dakika 20 ishike joto, ingiza dakika 15. Ikiyeyuka oveni yako ina joto kuliko unavyodhani. Isipoyeyuka, panda unapodhani ni 190, dakika 15 tena, hapo lazima iyeyuke, isipoyeyuka iko baridi. Mi niliweka alama ya rangi ya kucha kwenye swichi pale ilipoyeyukia, mpaka leo naoka kwa rangi ya kucha.

Na mlango wako ubane na noti. Weka noti ya elfu moja mlangoni funga, ivute, ikitoka kama hewa mpira wa mlango umekufa, joto lote unapasha jikoni.

kijana_wa_mecco
Na mtungi si unaweza kuwa unaisha? Wa kwetu wa kilo 6 ukiwa mwishoni oveni inafifia na mtungi unatoka jasho.

mzee_igoma
Hiyo ipo kijana. Gesi ndani ya mtungi ni ya maji maji, yaani kimiminika, inapogeuka kuwa hewa inakula joto la mtungi wenyewe, ndiyo maana unatoka jasho. Mtungi mdogo uliobaki kidogo, ukiwasha oveni na pleti tatu pamoja, unapoa mpaka presha inashuka. Wake ni wa kilo 15 kwa hiyo sidhani. Oveni moja ya nyumbani ya kilowati 2.5 inakula karibu gramu 200 kwa saa swichi ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Ila msije mkaulaza mtungi au kuuweka kwenye beseni la maji ya moto, nimeona watu. Ukilala, gesi inatoka ikiwa bado maji, moto unaotoka hapo hauna adabu.

keki_nyakato
Ripoti ya Alhamisi. Kichomeo nimetoa, nimekigonga kwenye gazeti, wakuu nimeona vitu. Vidudu vikavu kama kijiko cha chakula kizima, utando, na buibui mwenyewe akatoka anakimbia, mtoto kapiga kelele nyumba nzima. Nimekiosha nimekianika juu ya mabati kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Foili nimeitoa. Povu nimepaka hakuna kilichovimba. Moto wote bluu, matundu yote yanawaka. Ila bado joto linapanda sana sasa, sukari imeyeyuka kwenye namba 3 jamani, imekuwa karameli.

fundi_buzuruga
Tunaenda vizuri. Sasa angalia ukuta wa nyuma au ubavuni juu, kuna kijiti kingine kirefu cha shaba kama kalamu kimeshikwa na klipu. Huo ndo mkono wa themostati unaoonja joto la oveni. Kikidondoka kwenye klipu kikalala chini pembeni au nyuma ya ukuta, kinaonja pahala pasipo sahihi. Wa kwako naamini kipo sehemu ya baridi ndo mana themostati inaendelea kusukuma gesi. Kirudishe kwenye klipu, kisiguse ukuta. Na usikikunje, ndani kuna kimiminika, kikipasuka hiyo ndo safari ya kununua kweli.

keki_nyakato
Kilikuwa kinaning'inia!!! Wifi anaapa hajakigusa. Sawa.

dada_sengerema
Na mimi nilete majibu. Tulizima taa kama ulivosema fundi, cheche ilikuwa inarukia kwenye ufa katikati ya kaure. Kumbe siku ile tulivyolihamisha jiko kwa kirikuu kutoka Mwanza, trei ilikuwa ndani inagonga gonga njia nzima. Natafuta hiyo sindano, hapa Sengerema sijaiona.

fundi_buzuruga
Njoo nayo mkononi ya zamani, usije mikono mitupu, zina urefu tofauti na waya zake vichwa tofauti. Pita maduka ya vipuri maeneo ya Makoroboi ulinganishe. Hivo hivo kwa themokapo, kuna za sentimita 60, 90, 120 na nati zake hazifanani. Ukifunga nati ya themokapo kaza kwa vidole, malizia na spana robo mzunguko tu, ukiikaza kama ya gurudumu unaiua.

keki_nyakato
Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Keki ya kipaimara imeondoka na bodaboda wawili, mmoja kabeba keki mwingine kabeba mimi nikimfokea wa kwanza asikimbie. Nimeoka matabaka matatu, dakika 50 kila moja, juu kahawia chini kahawia. Sukari sasa inayeyuka kati ya 4 na 5, nimeweka alama ya rangi ya kucha, nyekundu.

Wifi anauliza kama sato wanaruhusiwa tena. Nimemwambia waingie kwenye trei yenye kingo, maji kidogo chini yake, na foili iwe juu ya samaki tu.